Mzee Aliyezikwa Ndani ya Filamu

Wakoli alipofika kwa shemeji yake asubuhi ile hakubisha hodi. Alipita kuku, akapita nguo zilizoanikwa, akaja mpaka mlango wa jikoni akiwa amekumbatia redio ndogo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Mulamwa, acha hiyo mboga. Kuja usikie vile wanamsema ndugu yangu."

Rispah Nakhumicha alikuwa anachambua kunde. Aliipanguza mikono yake polepole kwenye leso, maana hakuwa mtu wa kushtuliwa na kelele za Wakoli, akamsogezea kigoda. Wakoli hakukaa. Aliongeza sauti ya redio.

Alikuwa msichana mmoja mtangazaji, Ciru, yule ambaye Bungoma yote ilimjua kwa kicheko chake. Alikuwa akitabiri washindi wa Tuzo za Mlima, ambazo zingetolewa Kitale Jumamosi hiyo.

"Mwaka huu si kama ile mingine," alisema Ciru. "Corona imetufungia kila kitu. Filamu ni chache, nyingi zimepigwa na simu. Lakini utabiri wangu ni huu: filamu bora, *Gunia la Mwisho*. Na mwigizaji bora wa kike, yule mama mjane wa kule mwisho. Jina lake hata hawakuandika, lakini weh! Tupigie, unasemaje?"

Mtu wa kwanza kupiga alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kujiamini. "Huyo mama hashindi kitu. Mimi ni wa Bungoma, siwezi danganywa. Mjane gani wa kwetu anasimama mbali na jeneza kama mtu anangoja gari? Hakuna hata mwanamke mmoja amemshika mkono. Hata nduru hajapiga! Walitoa huyo mtu wapi, bana?"

Wa pili alikuwa mama. "Mimi raha yangu ni yule mzee mlafi vile aliteremshwa kwa shimo. Si aliambiwa avae barakoa akacheka? Alijitafutia!"

Ciru akacheka kile kicheko chake. Wakoli akaizima redio.

"Mzee gani huyo?" Rispah aliuliza.

"Kijana wangu amenionyesha hiyo filamu jana kwa simu. Hilo kaburi ni lile." Wakoli alionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, mahali ambapo udongo ulikuwa bado haujashuka vizuri. "Jeneza ni la Eliakim. Mama mwenyewe ni wewe."

Rispah aliinama akaokota kunde zilizodondoka, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Wakoli alimjua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikasirika.

Eliakim Sifuna alikuwa fundi wa pampu za visima. Kuanzia Kibabii hadi Lugulu hakukuwa na kisima cha shule wala cha kanisa ambacho hakukifungua. Ugonjwa ulipoingia nchini, watu wengi bado wakisema ni wa Wazungu, yeye ndiye aliyetundika mtungi wa maji na sabuni langoni kwake, na hata mchungaji hakumwachia apite bila kunawa. Alivaa barakoa mpaka shambani. Majirani walimcheka. Kisha Agosti akaugua yeye, fundi aliyejihadhari kuliko wote, na haikupita wiki.

Walimleta kutoka hospitalini asubuhi na mapema, watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Sheria ilikuwa watu kumi na tano, basi. Afisa mmoja alifunga kamba ya njano kutoka mgomba hadi mgomba akamwambia Rispah, "Mama, usivuke hapo." Mchungaji aliomba akiwa mbali. Wanawake wa kanisa, ambao wangemshika mikono huku na huku, walirudishwa barabarani. Na siku ya tatu, siku ambayo hata watu wa kanisani hawajaiacha, watu wanapokaa uwanjani na mzee mmoja kusimama kueleza marehemu alikuwa nani na aliishi vipi, uwanja ulikuwa na mbwa tu. Rispah alitaka kulia siku ya mazishi. Alifungua mdomo na sauti haikutoka.

Kamera je? Kamera ilikuwa ya mapenzi. Binti yake Viola, aliyekuwa akifanya kazi Kitale, alimtafuta kijana mpiga picha aitwaye Kizito ili arushe mazishi kwenye simu za jamaa waliokatazwa kuja. Lakini Kizito angehesabiwa kati ya wale kumi na tano. Ndipo Wakoli, ndugu wa tumbo moja na marehemu, akasema, "Mimi nitatoka. Bora watu wote wamwone." Alisimama nje ya ua, akamzika ndugu yake kwa kuchungulia.

"Nitaenda Kitale," Rispah alisema sasa.

"Twende na panga?"

"Wewe baki na redio yako. Nitaenda na mdomo."

*

Viola aliuza katika duka la Anil, muuza televisheni na redio pale mjini Kitale. Alipomwona mama yake akiingia na mkoba wa kanisa siku ya kazi, alijua kuna jambo. Hakuwa ameiona hiyo filamu. Alikuwa amesikia tu inasifiwa.

Anil mwenyewe ndiye aliyeitafuta na kuiweka kwenye televisheni kubwa ya nyuma ya duka, akamletea Rispah kiti. "Kaa, mama. Hapa hakuna mteja atakusumbua."

Ilikuwa hadithi ya mfanyabiashara wa mahindi, mzee mwenye tumbo, anayechanganya mahindi mabovu na mazuri, anayemkoholea kila mtu sokoni na kuwacheka wenye barakoa. Watu wanamwonya, anawatemea. Wake zake wanamkimbia. Anaanguka juu ya gunia. Rispah alitazama yote bila kupepesa, hata akatabasamu mahali pamoja, maana yule mwigizaji alikuwa mjuzi wa kuchekesha.

Kisha likaja jeneza. Lilikuwa jeneza la mvule alilolichagua yeye. Ikaja migomba yake. Akaja yeye mwenyewe, kitambaa cheupe kichwani, mkono mdomoni, nyuma ya kamba.

Jambo lililomchoma zaidi lilikuwa midomo ya mchungaji. Ilikuwa ikienda, lakini sala haikusikika. Mahali pa sala waliweka gitaa.

"Wameitoa sala," alisema.

Viola alikuwa analia na barakoa imelowa. "Mama, mimi ndio nilimleta. Mimi ndio nilimwita huyu mtu kwetu."

"Uliita mtu wa kutuonyesha watu wetu. Hukuita mwizi. Nyamaza."

Anil aliizima ile televisheni. Alisimama kidogo akichezea rimoti. "Sisi Wahindu tulimchoma baba yangu alipokufa tukiwa watano," alisema. "Ndugu zangu wako London, hawakuona kitu. Nilikuwa nawaonea wivu nyinyi, Viola aliponiambia mlipata kamera." Akatikisa kichwa. "Studio yake iko juu ya duka la dawa, ngazi ya pili. Nenda, Viola. Leo hatuuzi sana."

*

Kizito alikuwa kijana mwembamba, nywele amezisokota, mwenye furaha ya mtu ambaye simu yake haiachi kulia. Alipomwona Rispah alifungua mikono yote miwili, kisha akakumbuka corona akampa kiwiko.

"Mathe! Wewe ndio star, unajua? Kila mtu anauliza, huyo mama ni nani? Nilikuwa nimepanga kukutafuta, walai."

Rispah hakukigusa kile kiwiko. "Ulikuwa umepanga lini?"

"Baada ya Jumamosi. Nilitaka iwe surprise."

"Kizito," Viola alisema, "hiyo ni maiti ya baba yangu."

"Nilibadilisha jina! Hakuna mahali nimemtaja. Angalia mpaka mwisho, hakuna Eliakim hata mara moja." Alisema hivyo kama mtu anayedai shukrani. "Na niambieni, ningefanya aje? Kukusanya watu kuigiza mazishi ilikuwa ni kushikwa na polisi. Nilikuwa na filamu nzima na sina mwisho. Halafu nikakumbuka ile siku. Mathe, mimi pia nililia ile siku. Nilisema watu lazima waone vile corona inatufanyia."

"Watu wameona nini?" Rispah aliuliza. "Wameona mlafi amezikwa na wakafurahi. Jana kuna mama amesema redioni alijitafutia. Eliakim alijitafutia?"

"Hiyo ni filamu, mathe. Wanamaanisha yule wa filamu."

"Yule wa filamu ako wapi? Si amekunywa chai leo asubuhi? Kwa hilo sanduku kuna mtu mmoja tu, na wewe unamjua."

Kizito alikuna shingo. Nje, mtu wa bodaboda alikuwa akibishana na mwenzake juu ya abiria.

"Shemeji yangu Wakoli," Rispah aliendelea bila kupaza sauti, "aliondoka kando ya kaburi la ndugu yake ili wewe upate mahali pa kusimama. Ulisimama mahali pake."

"Najua."

"Unajua, na bado ukaweka gitaa."

Hapo kijana alitazama chini. Alisema kwamba majaji tayari wanayo filamu, kwamba akiitoa sasa kundi lote litakosa, waigizaji, mshona nguo, wote waliofanya kazi mwaka mzima wa njaa. Baada ya tuzo angekata kile kipande, aliapa. Na kama angeitwa jukwaani angesema mbele ya watu wote yule aliyezikwa ni nani.

"Utasema jina lake?"

"Nitasema."

"Na kwamba hakuwa mlafi, na barakoa alivaa?"

"Nitasema yote, mathe. Mungu mbele."

"Mungu umwache kwanza," Rispah alimjibu. "Nitakuja Jumamosi nisikie kwa masikio yangu."

*

Kwa sababu ya kafyu sherehe ilifanywa mchana, katika ukumbi wa hoteli moja, viti vimetengwa hatua kadhaa, kila mmoja kama kisiwa chake. Mlangoni walipimwa joto na kunyunyiziwa dawa mikononi. Wengine wengi walitazama kwenye simu, na Wakoli alikuwa mmoja wao huko nyumbani, na nusu ya kijiji imemzunguka. Rispah alivaa gauni lake la Jumapili. Msichana wa mapokezi alipojua yeye ndiye yule mama wa kwenye filamu alipiga kelele ya furaha, akamkalisha mbele.

Ciru ndiye aliyeongoza shughuli, amependeza, barakoa imeshonwa kwa kitambaa cha gauni lake. Kila mzungumzaji alipomaliza, kijana alikuja na kitambaa cha dawa akaifuta maiki, na watu wakangoja kimya kama wanaongoja sakramenti.

Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilipofika, ukuta ulionyesha vipande vya walioteuliwa. Rispah alijiona tena, mkubwa kama nyumba. Mtu fulani nyuma yake alipiga mbinja.

Tuzo ilikwenda kwa msichana mmoja wa Webuye aliyeigiza mwuguzi. Rispah aliinua kichwa kumshukuru Mungu. Lakini mkuu wa majaji, Bwana Kipketer, mwalimu mstaafu aliyependa kueleza mambo, alikuja mbele kutoa sababu.

"Wengi mlitabiri mama mjane," alisema. "Sisi majaji tulibishana sana. Uso wake ni mzuri kwa kamera. Lakini ukweli, ndugu zangu, ukweli ndio msingi. Mazishi yale hayakutushawishi. Waombolezaji wako wapi? Wanawake wa kumshika mama wako wapi? Mjane amesimama kama mgeni kwa boma lake. Hata chozi hatuoni. Mwenye filamu angewauliza wazee wa Bungoma."

Wale wa Bungoma waliokuwemo ukumbini walipiga makofi. "Hapo umesema!" mmoja aliitikia, na watu wakacheka.

Viola alimshika mama yake mkono. "Twende nyumbani, Mama."

"Bado hajasema."

Na kweli, tuzo ya filamu bora ilikwenda kwa *Gunia la Mwisho*, kama Ciru alivyotabiri. Kizito alipanda akiruka ngazi. Alishukuru kundi lake. Alishukuru mama yake mzazi, na fundi wa kompyuta, na mwenye duka aliyewaazima magunia. Macho yake yalimpata Rispah mstari wa mbele, yakakwama. Aliinua kikombe cha tuzo, akakishusha.

"Na pia," alisema, "kuna mama mmoja wa Bungoma... alijitolea sana kwa hii filamu. Mathe, asante. Mungu akubariki."

Akaanza kushuka.

Alijitolea! Rispah alisimama. Hakukimbia. Alipanda zile ngazi kama anavyopanda za kanisani kusoma matangazo ya akina mama, akanyoosha mkono kwa ile maiki. Ukumbi ulidhani amekuja kushangilia, ukapiga makofi.

"Mama, hauko kwa ratiba," Ciru alimnong'oneza akitabasamu.

"Najua. Nifutie hiyo kitu."

Kijana wa kitambaa aliifuta maiki kwa mazoea tu, akampa.

"Mimi naitwa Rispah Nakhumicha," alianza, na sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka ukutani, kubwa, akangoja ipite. "Mwalimu, mkuu wa majaji, umeuliza wanawake wa kunishika walikuwa wapi. Walikuwa barabarani. Walifukuzwa. Umeuliza kwa nini nilisimama mbali. Niliambiwa kuna kamba. Umesema hakuna chozi. Hilo hata mimi nimejiuliza. Mnanipimia kilio changu hapa kama mahindi kwa mizani, mnasema kimepungua. Sikuigiza. Huyo aliyezikwa ni mume wangu."

Bwana Kipketer alivua miwani.

"Kizito," alisema, "mama anasema nini?"

Kizito alikuwa amesimama ngazi ya mwisho, kikombe amekishika kwapani. "Ni ukweli," alisema.

"Ni ukweli gani?"

"Ni mazishi yenyewe. Niliitwa kupiga."

Manung'uniko yakapita ukumbini. Mwenyekiti wa tuzo, mtu mnene mwenye haraka, aliinuka kusema kwamba jambo hilo ni zito, kwamba kamati itakaa, kwamba muda wa kafyu unakaribia na wageni wa mbali wanatakiwa barabarani. Alimwomba mama ashuke kwa heshima.

"Kaeni hiyo kamati," Rispah alisema. "Mimi sishuki. Huyu aliniambia atasema mume wangu ni nani. Sijamsikia."

"Mama, si wewe umeshasema?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi sikumtia uchafu. Aliyetia ndiye atoe."

Hakuna aliyejua la kufanya na mwanamke mjane aliyevaa gauni la kanisa asiyepiga kelele. Mtu mmoja nyuma, labda ni yule yule aliyepiga mbinja, aliita, "Kijana, si useme! Unangoja nini?" Wengine wakamfuata. Kizito alirudi juu, hatua nzito, na kijana wa kitambaa akaifuta maiki tena.

"Aliyezikwa," Kizito alisema. "Anaitwa Eliakim Sifuna. Wa Bungoma. Alikuwa fundi."

"Fundi wa nini?" Rispah alimwuliza kando yake.

"Wa pampu. Za visima."

"Na barakoa?"

"Alivaa. Alikuwa anavaa kila mahali. Hata mimi siku ile walinifanya ninawe kwa mtungi wake mwenyewe." Alikiweka kikombe sakafuni. "Hakuwa mlafi. Hakucheka mtu. Mimi ndio nilimweka mahali si pake. Sikuuliza mtu yeyote."

Viola, kule chini, alikuwa amempigia Wakoli na kuinua simu juu, na ndani yake sauti ya mzee ilisikika ikipaza, "Sema na kanisa lake! Sema ni mzee wa kanisa!" Watu wa karibu waligeuka kutazama. Kizito akasema hilo pia.

Bwana Kipketer alikuja mpaka chini ya jukwaa. Alimwambia Rispah pole, na kwamba yeye kama mwalimu ameaibika. Rispah aliitikia kwa kichwa. Pole aliipokea, lakini hakuifanya iwe zaidi ya ilivyokuwa.

"Mama, sasa unataka nini?" Ciru aliuliza, na safari hii hakutabasamu.

"Aitoe. Si kesho kutwa. Leo, kabla watu hawajaendelea kuitazama."

"Mathe, nitaitoa," Kizito alisema. "Lakini bila mazishi hiyo filamu haina mwisho. Inakatika tu hivi, mzee ameanguka juu ya gunia." Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba ushauri wa kweli. "Niweke nini hapo?"

Rispah alimtazama. Alikuwa kijana, na alikuwa amelia siku ile, hilo aliliona kwa macho yake. Halikumpunguzia kosa.

"Hiyo ni kazi yako. Tafuta mwisho wako. Huo ni wangu."

Alimrudishia Ciru ile maiki, akashuka ngazi. Msichana wa mapokezi alimfungulia mlango. Nje jua lilikuwa bado kali na tuktuk zilikuwa zikigombania watu wa mwisho kabla ya kafyu.

"Umepoa, Mama?" Viola aliuliza.

"La," Rispah alisema. "Sijapoa. Niitie gari."